Ndugu usimdai kama rafiki, rafiki usimtegemee kama ndugu

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwetu, daftari nimelishika muda mrefu sasa, na kitu ninachokiona kila mzunguko ni kwamba ugomvi wa hela kati ya ndugu na ugomvi wa hela kati ya marafiki ni vitu viwili tofauti kabisa ila watu wanataka kuutibu kwa dawa moja. Mtu anamdai mdogo wake mpaka kwa mjumbe, halafu mtu huyohuyo, rafiki akila hela yake mara ya tatu, anamwachia tu eti ni mtu wake. Hapana jamani.

Kilichonifungua macho ni habari ya tumbili. Watafiti wawili, Robert Seyfarth na Dorothy Cheney, walikuwa wakifuatilia tumbili kule Amboseli, Kenya, na 1984 wakachapisha jaribio moja ambalo natamani kila anayekopesha hela alijue. Tumbili wanatoana chawa, anakaa mmoja anamchambua mwenzake manyoya taratibu, ndo huduma wanayopeana kila siku. Sasa hawa watafiti wakaficha spika, wakawa wanacheza sauti iliyorekodiwa ya tumbili anayeomba msaada kama vile yuko kwenye ugomvi. Kama mwenye sauti si ndugu lakini ametoka kumtoa chawa msikilizaji muda si mrefu, msikilizaji anageuka anaangalia sana kule sauti inakotoka, kama hajamtoa chawa hajishughulishi vile. Ila kwa ndugu wa karibu, awe amemtoa chawa au hajamtoa, haikubadilisha kitu. Yaani rafiki anawekewa hesabu, ndugu hawekewi.

Sababu yake iliwekwa kwenye hesabu 1964 na mwanabiolojia mmoja Mwingereza, William Hamilton. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja mnashea kwa wastani nusu ya vinasaba, baba mmoja mama tofauti ni robo, binamu moja ya nane. Kwa hiyo kinasaba kinachomsukuma mtu ajinyime amlipie mdogo wake ada kinaweza kuendelea kuwepo kupitia huyo mdogo, mradi faida anayopata mdogo ukiizidisha na kile kiwango cha undugu iwe kubwa kuliko hasara ya anayetoa. Hakuna anayekaa chini kupiga hiyo hesabu, wewe unachosikia ni huruma tu, na huruma hiyo ni ya kweli kabisa, isikusumbue kwamba ina chanzo.

Ushauri wangu kwa ndugu basi, ukimpa mpe kama msaada, kiasi ambacho kisiporudi bado utalipa kodi na watoto watakula. Kwenye kikundi chetu kuna mama alimlipia mdogo wake hospitali kwa moyo mmoja, baadaye mume akamshauri aiandike kama deni, na hapo ndo maneno yakaanza, kwa sababu mdogo alishaipokea kama undugu.

Lakini usisahau ile nusu nyingine ya vinasaba ambayo hamshei. Mwanabiolojia wa Marekani, Robert Trivers, alilieleza hili 1974, kwamba kwa mzazi watoto wote wana uzito sawa ila kila mtoto anavutia zaidi kwake. Ndo maana mirathi inagombanisha watu waliolala kitanda kimoja utotoni, na hakuna aliyerogwa hapo, msimtafute mchawi. Mzee agawe akiwa hai, kwa maandishi, wote wakiwepo.

Na kama mna watoto wa mama tofauti, tafadhali wakutanisheni wakiwa wadogo, walale nyumba moja likizo. Binadamu hana macho ya kuona vinasaba, moyo unamtambua ndugu kwa kukua naye. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kadiri watu walivyoishi pamoja miaka mingi utotoni ndivyo walivyokuwa tayari kusaidiana ukubwani. Mkiwakutanisha msibani wakiwa na miaka thelathini mnategemea nini?

Kwa marafiki twende kwa popo. Amerika ya Kati na Kusini kuna popo wanaokunywa damu, na akikosa chakula siku mbili tatu mfululizo anaweza kufa kwa njaa, sasa akirudi tumbo tupu mwenzake anamtapikia damu kidogo. Mtafiti wa popo, Gerald Wilkinson, aliliandika hilo 1984, na baadaye ikaonekana kwamba aliyewahi kukupa ndiye unayempa, hilo lina nguvu kuliko hata undugu. Kilichonigusa zaidi ni popo wageni, wasiojuana, hawaanzi na damu. Wanaanza kwa kuchambuana manyoya, huduma ya bei ndogo, wakizoeana ndo wanafika kwenye chakula.

Kikobani kwetu tunafanya hivyohivyo. Mwanachama mpya anaanza na mkopo mdogo hata kama ana duka kubwa, akirudisha kwa wakati tunampandishia, akichelewa tunamuuliza mbele ya wote siku ya kikao na siyo kumsema pembeni. Na mdhamini wako hatukubali awe ndugu yako wa tumbo moja, maana siku ukishindwa kulipa yeye atakuonea huruma kabla hajakufuata.