Saa ya Usingizi Kwanza, Keki Baadaye: Kumwandalia Mtoto Mdogo Sherehe ya Siku ya Kuzaliwa

Sherehe ya kwanza niliyomwandalia binti yangu, alipotimiza miaka 2, haikupungukiwa na kitu ila mwenyewe. Nilipanga wageni wafike saa tisa alasiri kwa sababu saa hiyo iliwafaa watu wazima wote niliowaalika, wala sikukumbuka kwamba ndiyo saa yake ya kulala mchana. Kwa kelele za spika na kwa namna wageni walivyokuwa wakipokezana kumbeba, usingizi ulimpaa. Alianza kulia mgeni wa tatu alipoingia, na tulipowasha mishumaa ndipo alipolala begani kwa shangazi yake, nasi tukaimba kwa sauti ya chini ili tusimwamshe. Katika picha za siku ile wanaonekana watu wazima zaidi ya 20 wakitabasamu, na mtoto mmoja aliyelala mdomo wazi.

Tangu hapo nimeandaa sherehe nyingine sita, nne za binti huyo na mbili za mdogo wake wa kiume. Haya ninayoyaeleza yanamhusu zaidi mzazi ambaye mtoto wake hajavuka miaka 5, kwa kuwa mtoto mkubwa kidogo ana mahitaji tofauti, tena ana kauli yake na ataitoa bila kuombwa.

Jambo la kwanza kulipanga ni saa, kabla ya keki, mapambo au orodha ya waalikwa. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale jumla ya saa 11 hadi 14 katika kila saa 24, na wa miaka 3 hadi 5 alale saa 10 hadi 13. Kwa wengi wao, sehemu ya saa hizo hupatikana mchana. Mtoto aliyenyimwa usingizi wake wa mchana hafurahishwi na chochote. Kwa hiyo, kabla sijaandika hata kadi moja, mimi huweka daftari jikoni na kuandika kwa siku tano mfululizo saa ambazo mtoto anaamka, anakula, anaanza kununa na kulala. Kwa wanangu wote wawili, kipindi cha uchangamfu kilikuwa saa nne asubuhi hadi karibu saa sita mchana, na sherehe zetu zote tangu wakati huo zimefanyika ndani ya kipindi hicho. Mtoto wako huenda akachangamka alasiri, baada ya kuamka. Daftari ndilo litakalokwambia.

Urefu wa sherehe nao una kiasi chake. Dakika 90 zinamtosha mtoto wa miaka 2 au 3, na saa mbili ndizo mwisho kwa wa miaka 4 na 5. Niliwahi kudhani kwamba kuandika saa ya kumaliza kwenye kadi ni kuwafukuza wageni kabla hawajafika, lakini nimegundua kwamba wazazi wenzangu huishukuru, kwa sababu nao wana watoto wa kulaza. Watu wazima wanaotaka kuketi na kuzungumza hadi usiku wana haki hiyo, ila huo uwe mkusanyiko wao, upangiwe saa yake, na mtoto asifanywe kisingizio.

Kuhusu idadi ya waalikwa, wazazi wengi hufuata kanuni ya kualika watoto kwa hesabu ya umri wa mtoto na kuongeza mmoja, yaani watoto wanne kwa anayetimiza miaka 3. Mimi siishiki kwa ukali, maana kuna binamu ambao huwezi kuwaacha, lakini ninaielewa sababu yake. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha matokeo ya kuwachunguza watoto wa shule ya awali wakicheza, akaonyesha kwamba wadogo zaidi hucheza kando kwa kando, kila mmoja na chake, na kwamba kucheza kwa kushirikiana huja taratibu kadiri umri unavyoongezeka. Mzazi akishalielewa hilo, mambo mengi ya sherehe hubadilika. Mtoto wa miaka 2 hahitaji kitu kimoja kikubwa cha kupokezana. Anahitaji kitu kidogo kinachofanana na cha jirani yake. Mwanangu alipotimiza miaka 2, niliweka uani gari moja la kupanda, jipya na la kupendeza, kwa watoto saba. Lilizua vita, na baada ya dakika kumi nikalifungia stoo. Mwaka uliofuata nilitoa ndoo saba za rangi moja na vijiko saba vya kuchotea mchanga, na hakuna aliyemnyang'anya mwenziwe, kwa kuwa hapakuwa na cha kunyang'anya. Sisitiza rangi moja. Ndoo moja nyekundu kati ya sita za buluu inatosha kuvuruga asubuhi nzima.

Katika umri huo pia kila mtoto abaki na mzazi au mlezi wake, na kadi iseme hivyo waziwazi.

Michezo ndiyo niliyoikosea kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu niliichagua kwa kukumbuka utoto wangu wa miaka 8 au 9. Binti yangu alipotimiza miaka 4 tulicheza mchezo wa viti, ule wa kuzunguka muziki ukipigwa na kukimbilia kiti unapozimwa, na wa kwanza kutolewa akawa yeye mwenye siku yake. Alikikumbatia kiti, akakataa kukiachia, na mimi, badala ya kuona kwamba kosa lilikuwa la mchezo, nikaanza kumhubiria kuhusu kushindwa kwa heshima. Mtoto wa umri huo anayetolewa mchezoni hajifunzi uvumilivu. Anajifunza kwamba sherehe imekwisha kwake. Siku hizi mchezo tunaupindua: kila muziki unapozimwa tunaondoa kiti, lakini hatumwondoi mtoto, na wote wanalazimika kubanana kwenye viti vilivyosalia. Kiti cha mwisho huwa kichuguu cha watoto wanaocheka, na mtu mzima mmoja hukaa karibu ili wa chini asilemewe.

Mchezo mmoja usizidi dakika kumi, na baada ya wa kukimbia ufuate wa kukaa. Kwa kuwa wageni hawafiki kwa pamoja, ni vizuri pawe na shughuli isiyohitaji maelezo tangu mlango unapofunguliwa. Sisi hutandika karatasi pana sakafuni, tukaibana pembeni kwa utepe na kumwaga kalamu za rangi juu yake, na hata mtoto mwenye haya huinama akaanza kuchora bila kulazimika kumsalimu mtu. Ukiandaa mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa, mpe kila mtoto rangi yake ya kutafuta, la sivyo mkubwa wao atavikusanya vyote kabla mdogo hajaelewa kinachotafutwa. Na kama kuna kitu kimoja ambacho sijawahi kukiona kikishindwa, ni mapovu ya sabuni.

Nitahadharishe pia kuhusu vinyago na watu waliovaa mavazi ya wanyama. Watoto wengi wa miaka 2 hadi 4 huogopa sura wasiyoweza kuisoma. Mjomba wao alipotaka kuja amevaa kichwa cha simba, tulimwomba aje kama mjomba, akivae mbele ya watoto, akivue, kisha akivae tena kila walipomwomba, na kumvisha na kumvua ndiko kulikokuwa mchezo wenyewe.

Chakula kina hekaya nyingi, na iliyo maarufu zaidi ni kwamba sukari huwatia watoto wazimu. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio 23 yaliyofanywa kuhusu jambo hilo, wakahitimisha kwamba sukari haibadilishi tabia wala uwezo wa kufikiri wa watoto. Jaribio jingine la mwaka 1994 lilinichekesha kwa sababu lilinigusa: akina mama walioambiwa kwamba wana wao wamepewa sukari, ingawa hawakupewa, waliwaona wamevuka mipaka. Kinachowachachawiza watoto kwenye sherehe ni umati, makelele na ratiba iliyovurugwa. Keki kubwa haifai kwa sababu nyingine, hasa ya meno, lakini usiibebeshe lawama ya spika.

Hofu yangu halisi mezani ni kupaliwa. Zabibu hukatwa vipande vinne kwa urefu. Karanga nzima hawapewi walio chini ya miaka 5, na bisi na pipi ngumu huzuiwa kwa wadogo vilevile. Maputo ya mpira huonekana hayana madhara, lakini kipande cha puto lililopasuka kinaweza kuziba koo la mtoto kabisa, na ndiyo maana nchini Marekani pakiti zake hubeba onyo kwa walio chini ya miaka 8. Sisi tunayafunga juu wasikofikia, na kuna mtu maalumu wa kuokota vipande. Kuhusu mzio, waulize wazazi unapotoa mwaliko, si wakati sahani zimekwisha pangwa, kwa maana mtoto asiyeweza kula mayai au maziwa anastahili kukuta chake kimeandaliwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson walipima mwaka 2017 bakteria zinazobaki juu ya krimu ya keki baada ya mishumaa kupulizwa, wakapata ongezeko la asilimia 1,400. Sikuacha mishumaa kwa ajili hiyo, ila sasa tunaiweka kwenye keki ndogo ya mwenye sherehe peke yake, naye huipuliza na kuitemea mate apendavyo. Tunakata keki katikati ya sherehe, hatungoji mwisho, kwa sababu mwisho ndipo uchovu ulipo.

Mapambo sina mengi ya kusema juu yake. Mtoto wa miaka 3 huyatazama kwa dakika moja. Muda utakaouokoa hapo utumie kumwandaa yeye. Siku mbili kabla, tuliigiza na wanasesere jinsi watu watakavyoingia, watakavyoimba wote kwa pamoja wakimtazama, na jinsi atakavyopuliza. Kuimbiwa na kundi la watu ni jambo la kutisha kwa asiyelizoea. Pia tulikubaliana ni vitu gani vyake vya kuchezea havitaguswa na wageni, tukavifungia kabatini pamoja, ufunguo akiushika yeye. Chumba kimoja kiliachwa tupu na kimya, na binti yangu alikitumia mara mbili kwenye sherehe yake ya miaka 5, akajilaza kidogo, akarudi mwenyewe bila kuitwa.

Picha apige mtu mmoja uliyemteua, na kabla hujaweka mtandaoni uso wa mtoto wa mwenzako, mwombe ruhusa.

Zawadi hatuzifungui mbele ya wageni, kwa kuwa watoto walioleta hutaka kuzichezea, na aliyeletewa anaweza kutamka ukweli usiofaa kutamkwa. Tunaandika jina la mleta zawadi juu ya karatasi, kisha tunafungua moja au mbili kwa siku. Kabla ya kumkabidhi mtoto kitu chochote chenye taa au sauti, mimi hutafuta betri ilipo. Zile ndogo za mviringo, zenye umbo la kifungo, zikimezwa zinaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili, na mtoto aliyemeza moja hukimbizwa hospitali bila kungoja dalili. Kitu ambacho kifuniko cha betri yake hakifungwi kwa skrubu kinarudi kabatini, hadi nitakapopata namna ya kukikaza kifuniko hicho.