Maswali ya Bustani: Yote meupe, yote yameinama, mzee anaona nini?

SWALI: Shikamoo Mama Bustani. Namhudumia mzee mmoja kijijini Gloucestershire, Uingereza. Mwaka mzima ni mtu mtulivu, lakini ikifika Januari hashikiki. Hajamaliza chai ya asubuhi, tayari anataka nimtoe nje akatazame snodropu zake, yale maua madogo meupe yanayochanua kwenye baridi kali. Anazo aina zaidi ya mia mbili, kila moja na kibao chake. Majuzi kanunua tunguu moja, yaani kile kifundo kama kitunguu kinachopandwa ardhini, kwa pauni 60, na kwa kuwa magoti hayamruhusu kuinama, nimelipanda mimi. Kusema kweli niliona ua jeupe limeinama, sawa na mengine yote. Sikumwambia. Nakuuliza wewe uliyefanya kazi na maua huko: anaona nini nisichokiona? Na pauni 60 kwa kitu kisichofika hata shubiri, hiyo ni akili kweli? – Msomaji wako, Gloucestershire

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni akili, na nitakueleza kwa nini, ila kwanza nina kazi ya kukupa. Kesho mkitoka, usitazame ukiwa umesimama. Kwa mtu aliyesimama snodropu zote ni moja, hapo hujakosea. Chuchumaa, weka kidole chini ya ua, liinue taratibu mpaka mtazamane.

Utakuta petali sita. Tatu za nje ni ndefu, na kwa kawaida ni nyeupe pepepe. Tatu za ndani ni fupi, zimeshikana zikafanya kikombe, na kila moja ina pengo dogo kwenye ncha, na juu ya pengo hilo pana alama ya kijani. Alama hiyo ndiyo inayomtoa mzee wako kitandani. Kwenye snodropu ya kawaida, Galanthus nivalis, ni V iliyopinduliwa. Kwenye Galanthus elwesii mara nyingi ziko mbili, moja kwenye ncha na moja kwenye shina la petali, na pengine zimekutana zikawa X. Iko moja inaitwa 'Grumpy', ambayo juu ina vidoa viwili na chini mstari uliopinda. Ukiitazama vizuri unaona uso wa mtu aliyenuna. Muulize mzee kama anayo.

Ukimaliza alama, shuka kwenye majani. Ya nivalis ni membamba na yanachomoza ardhini yakiwa yamelaliana bapa kwa bapa. Ya elwesii ni mapana, moja limelikumbatia mwenzake. Ya Galanthus plicatus kingo zake zimekunjwa kwa nyuma. Pitisha ukucha utaihisi mikunjo hiyo. Kisha angalia kikonyo. Cha 'Magnet' ni kirefu na chembamba mno, kwa hiyo upepo kidogo tu ua zima linacheza. Halafu nusa. 'S. Arnott' siku ya jua inanukia asali, tena waziwazi, huhitaji kubembeleza pua. Na kama mzee anayo 'Trym', ambayo ilipatikana kwenye bustani moja ya Westbury-on-Trym, Bristol, mwombe akuonyeshe hiyo mwisho. Petali zake za nje zimekuwa kama za ndani: fupi, zimebinuka kwa nje, na kila moja imebeba ile alama ya kijani. Mimi niliiona mara ya kwanza kitaluni nikiwa nimebeba trei ya vyungu, nikaitua trei palepale njiani, watu wakawa wanapita kando yangu.

Wewe na mimi tukiwekewa kanga mia mbele yetu hatuoni vitambaa mia. Tunaona pindo, tunaona mji, tunasoma jina, na papo hapo tunajua ipi tunayo na ipi hatuna. Asiyezijua kanga anaona nguo tu. Mzee wako anasoma snodropu hivyohivyo, na jicho la namna hiyo halipatikani kwa siku moja. Mtu huanza na aina mbili, akatafuta tofauti. Akiipata, anatamani ya tatu. Ndipo inapomshika.

Na majira yenyewe yana mchango mkubwa. Mwezi Juni, waridi zikiwa zimejaa kila upande, nani angepiga magoti kwa ua la ukubwa huu? Lakini Januari bustani ya Kiingereza imelala kabisa, giza linaingia alasiri, na kitu pekee chenye uhai ni hiki. Utayaona asubuhi ya baridi kali majani na mashina yamelala chini, ungedhani yamekufa. Kabla ya adhuhuri yamesimama tena, kwa sababu mmea huu una protini za kuzuia barafu isiuharibu. Joto likifika kama nyuzi 10 hivi, petali za nje zinafunguka na nyuki wachache waliothubutu kutoka wanapata chavua. Mtu mwenye umri wa mzee wako kuwa na sababu ya kutoka nje siku kama hiyo, mimi nashukuru kwa niaba yake.

Tena uko mahali penyewe. Mwaka 1874 bwana mmoja wa Gloucestershire, Henry John Elwes, alikuwa katika milima ya karibu na Izmir, Uturuki, akakuta snodropu kubwa kuliko alizozizoea. Alizileta kwao Colesbourne, na ile elwesii niliyokutajia imepewa jina lake. Bustani ya Colesbourne ipo mpaka leo, na Februari hufunguliwa kwa wageni. Mpeleke mzee, ukimvalisha vizuri. Painswick nayo, mkoa huohuo, ndiko alikokaa James Atkins, ambaye 'Atkinsii' imepewa jina lake. Yule S. Arnott wa harufu ya asali alikuwa Samuel Arnott, kiongozi wa mji mmoja wa Uskoti. Heyrick Greatorex wa Norfolk, katika miaka ya 1940, alizalisha machotara ya petali nyingi, mengi akayapa majina ya wanawake wa tamthilia za Shakespeare: 'Ophelia', 'Titania', 'Desdemona'. Kwa hiyo mzee anaposimama mbele ya vibao vyake mia mbili akitaja majina, sehemu kubwa anataja watu. Wengine, naamini, ni watu aliowajua yeye mwenyewe, waliompa tunguu mkononi. Muulize alipata wapi kila moja. Utakaa nje muda mrefu, kwa hiyo vaa soksi mbili.

Sasa pesa. Pauni 60 kwa aina mpya si ajabu sokoni humo. Februari 2012 tunguu moja la 'Elizabeth Harrison' liliuzwa kwenye mnada wa intaneti kwa pauni 725. Mwaka 2015 'Golden Fleece' likafika 1,390, na 2022 'Golden Tears' likafika 1,850. Yote matatu ni ya njano, yaani pale penye kijani, kwenye alama na kwenye kile kijifuko cha mbegu juu ya petali, pana rangi ya dhahabu. Njano ni adimu, na aina nyingi za njano hukua kwa unyonge kwa kuwa kijani chake ni pungufu.

Bei inatokana na polepole. Snodropu nzuri ikiachwa yenyewe huzaa tunguu moja au mawili kwa mwaka, na mbegu zake hazitoi mtoto anayefanana na mama. Ndiyo maana vitaluni tunakata. Hii nimeifanya sana, nikuonyeshe. Mwanzoni mwa kiangazi, majani yakishakauka, unachukua tunguu lililolala, unalimenya ngozi ya nje, unakata ncha. Kisu lazima kiwe kikali na kimefutwa kwa spiriti. Unalipasua kutoka juu hadi chini, nusu, robo, nusu ya robo, kisha unatenganisha magamba mawili mawili, na hapa ndipo penye kazi: kila jozi lazima ibaki na kipande cha kitako cha tunguu, hata kama ni chembamba kama karatasi. Jozi isiyo na kitako inaoza tu. Unazitia dawa ya kuvu, unaziweka kwenye mfuko wa plastiki wenye vermikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu) iliyolowa kidogo sana, mahali pa giza, joto la nyuzi 20. Baada ya wiki kumi na mbili hivi unafungua mfuko, na katikati ya magamba unakuta kijitunguu cheupe kidogo kuliko punje ya mchele. Tunguu moja kubwa linaweza kutoa vipande zaidi ya thelathini. Kisha unasubiri miaka mitatu au minne kuona ua.

Ukijua hayo, pauni 60 inakuwa ujira wa subira ya mtu. Na bei hushuka kadiri aina inavyoongezeka, kwa hiyo asiye na haraka hulipa kidogo. Wanaonunua ili waonyeshe bei, hao siwapendi, na ndio waliowavuta wezi. Bustani kadhaa zimechimbwa usiku. Tafadhali usiweke picha za vibao vya mzee mtandaoni, na usimwambie fundi au mpita njia kilichomo.

Jambo la mwisho kwako: matunguu hayo yana sumu, na yakiachwa mezani jikoni yanafanana mno na vitunguu vidogo. Yaweke kwenye bahasha yenye jina, mbali na chakula. Kemikali moja iliyomo, galantamini, ni dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, lakini hiyo huandikwa na daktari kwa kipimo, haitoki bustanini.

SWALI: Mama Bustani, nimesoma ulivyosifu snodropu toleo lililopita nikanunua pakiti ya matunguu makavu, nikapanda Oktoba. Hakuna lililoota ila mawili. Nipo Leeds, sina pesa za kuchezea. Nianze na zipi? – Mama wa Wawili

JIBU: Pole dada. Kosa si lako. Tunguu la snodropu halipendi kukauka, na yale ya pakiti huwa yamekaa rafuni tangu kiangazi. Nunua Februari au Machi, ua likiwa linaisha na majani bado mabichi, na uyapande siku hiyohiyo, kina kilekile yalichokuwa nacho. Utakiona pale weupe wa shina unapoanza kuwa kijani. Panda chini ya mti unaopukutisha majani, pasipotuama maji. Usikate majani mpaka yakauke yenyewe.

Kwa pesa kidogo chukua nivalis ya kawaida, 'Flore Pleno' yenye petali nyingi, na 'S. Arnott'. Ukiweza kuongeza moja, ongeza 'Magnet'. Hizi zote ni za zamani, zina nguvu, na baada ya miaka michache utakuwa na vishada vya kugawa. Wagawie wenzio, tena mapema. Yako ikioza au ikiliwa na funza wa nzi wa narsisi, utajua pa kwenda kuomba tunguu moja urudishe.

SWALI: Nipo Hamburg. Rafiki yangu aliyeko Kent, Uingereza, anataka kunitumia matunguu ya snodropu kwa posta. Kuna tatizo? – K.

JIBU: Lipo. Jenasi nzima ya Galanthus, yaani snodropu zote, imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1990, kwa sababu matunguu ya mwituni yalikuwa yanachimbwa kwa wingi mno, hasa Uturuki. Hata yaliyozalishwa bustanini yanahitaji kibali kuvuka mpaka, na tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, Kent na Hamburg ni pande mbili za mpaka. Juu yake kuna cheti cha afya ya mimea. Kwa matunguu matatu, gharama ya karatasi itazidi maua. Tafuta muuzaji Ujerumani, Uholanzi au Ubelgiji. Wapo wengi na wanajua kazi yao. Mwambie rafiki yako akuandikie majina anayoyapenda, uyatafute huko uliko.