Uliza Ujibiwe: Huyu wa Mbps 20 ananipiga?

SWALI: Habari za kazi. Nina ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar, maeneo ya Posta, tuko watu 8. Tunatumia rauta ya laini ya simu na ikifika mchana inakuwa nzito mpaka kuapload dokumenti za mteja ni shughuli, huku kontena limekaa bandarini storeji inasoma tu. Nimepata kampuni mbili za faiba, moja Mbps 50, nyingine 20 ila bei yake karibu mara mbili. Huyu wa 20 si ananipiga? – Dada wa Posta

JIBU: Dada, huenda hakupigi. Faiba ya bei chee mara nyingi ni ya kugawana na wateja wengine, ndo maana kwenye tangazo wanaandika "hadi 50", na hiyo "hadi" utaiona saa nne asubuhi ofisi zote zikishafungua. Huyo wa 20 muulize kama ni zako peke yako, kushusha na kupandisha sawasawa, manake nyie kazi yenu ni kupandisha mafaili, na wauzaji wengi hawataji kasi ya kuapload mpaka uwabane. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na biti 8 ni baiti moja, kwa hiyo 20 gawa kwa 8 (si nyie watu 8), ni megabaiti (MB) 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la MB 25 linakwenda kwa sekunde 10 hivi. Kwa watu 8 inatosha kabisa.

Ila mimi nisingeanza na kasi, ningeanza na siku itakayokata. Wakikwambia huduma ipo asilimia 99 usichekelee, hiyo 1 inayobaki ni masaa 7 na ushee kwa mwezi, sasa yakudondokee Ijumaa mchana mteja anakupigia. Iandikwe kwenye mkataba fundi anafika ndani ya masaa mangapi na asipofika bili inapungua kiasi gani. Alafu ongea na wapangaji wenzako wa jengo hilohilo, na mlinzi wa getini usimsahau, anajua mafundi wa kampuni gani hawaishi kuja!

Rauta yako ya simu usiitupe, iwe ya akiba, lakini uliza kwanza kila kampuni, ya simu na ya faiba, intaneti yake inapita wapi kwenda nje ya nchi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazoleta intaneti, zilikatika zote mbili, Tanzania nzima ikasota, na mtu mwenye kampuni mbili zinazopita njia moja alikuwa sawa na mwenye moja. Swali ni hili: hiyo njia yenu ikikatika mnapita wapi? Akianza kujiumauma umepata jibu. Na mkataba wa miaka miwili usisaini kabla hujajaribu mwezi mmoja. Wakikuzungusha, malalamiko peleka kwao kwanza kwa maandishi, wasiposhughulika ndo unaenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

SWALI: Umeme ukikatika faiba inabaki? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Waya wenyewe hauna shida, ila kile kiboksi cha ukutani na rauta vyote vinataka umeme. Watu wananunua UPS (betri ya akiba) ya kompyuta alafu kiboksi wanakisahau, wakati kinakula umeme kidogo sana, hata UPS ndogo inakibeba masaa kadhaa.