Ukoko mweupe kwenye birika la umeme

Ndugu, umeuliza kwa nini birika lako limeanza kushika ukoko mweupe tangu uhamie Buswelu, hapo Mwanza, ilhali ulipokuwa Kirumba halikuwa hivyo, na iwapo maji hayo yanadhuru figo.

Ningeanza kwa kuuliza maji yenyewe yanatoka wapi. Maji ya Ziwa Victoria ni laini kwa asili, yaani yana madini machache, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo hutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, hivyo hayapati muda wa kupita ardhini na kuyeyusha madini. Maji ya kisima kirefu, kinyume chake, hukaa kwenye miamba na kubeba madini ya kalisi na magnesi, ndiyo yanayoyafanya yaitwe maji magumu; yakichemshwa, sehemu ya kalisi hiyo hujitenga na kuganda kama chokaa. Nashuku mwenye nyumba wako anachanganya maji ya kisima na ya bomba kwenye tangi moja.

Jipimie mwenyewe: tikisa kipande cha sabuni ya mche (si ya unga, kwani hiyo hutoa povu hata kwenye maji magumu) katika chupa mbili, moja ya maji yako, nyingine ya mvua, ukalinganishe povu; likiwa dogo kwenye maji yako, ni magumu.

Kuhusu figo, Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Hasara ipo kwenye sabuni na umeme, ambavyo hutumika zaidi. Ukoko utoe kwa siki iliyochanganywa na maji, uchemshe, uache nusu saa, kisha usuuze.