Kanuni za rewrite hazifanyi kazi: namna ya kuifuatilia moduli moja ya Apache

SWALI: Ninaendesha Apache 2.4, programu ya seva ya tovuti, kwenye Ubuntu. Nimewasha moduli ya rewrite, inayobadilisha anwani za kurasa, lakini kanuni nilizoandika katika .htaccess, faili la mipangilio lililo ndani ya folda ya tovuti, hazifanyi kazi. Nilipoongeza RewriteLog na RewriteLogLevel, amri za kuandika kumbukumbu za moduli hiyo, kama mwongozo mmoja ulivyoelekeza, seva ilikataa kuwaka. Nitaonaje kile ambacho moduli hiyo inakifanya?

JIBU: Ndugu msomaji, mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya matoleo ya zamani. Amri hizo mbili ziliondolewa katika toleo la 2.4, lililotoka mwaka 2012, na Apache inapokutana na amri isiyoitambua haiwaki. Zifute. Badala yake tumia LogLevel, ambayo siku hizi huweza kuipa kila moduli kiwango chake cha kumbukumbu. Haikubaliki ndani ya .htaccess, hivyo iandike katika VirtualHost, yaani sehemu ya mipangilio inayohusu tovuti yako, kwenye faili lililomo katika /etc/apache2/sites-available:

LogLevel warn rewrite:trace3

Moduli nyingine zote zitabaki zikiandika maonyo na makosa tu, huku rewrite, kwa kiwango cha kina kiitwacho trace3, ikieleza kila kanuni inayoijaribu. Angalia sana mpangilio, kwa sababu kiwango kisichotajiwa moduli huzirudisha moduli zote kwenye kiwango hicho. Ukiwa na mstari mwingine wa LogLevel warn chini ya huo, trace3 imekwisha kufutika wala hutaarifiwa.

Kabla ya kuipakia mipangilio mipya, endesha sudo apachectl configtest, na ikijibu Syntax OK ndipo uendeshe sudo systemctl reload apache2. Tafadhali usiiruke hatua hiyo hata unapokuwa na haraka, maana kosa la herufi moja linaweza kuzima tovuti zote zilizo kwenye seva hiyo.

Sasa fungua ukurasa unaokusumbua, kisha usome /var/log/apache2/error.log, au faili jingine ikiwa VirtualHost yako ina ErrorLog yake, amri inayotaja faili la kumbukumbu za makosa. Usipoona hata mstari mmoja wenye neno rewrite, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba .htaccess haisomwi kabisa: Ubuntu huja na AllowOverride None kwa folda ya /var/www, yaani mafaili ya .htaccess hayaruhusiwi kubadilisha chochote humo. Ibadilishe iwe AllowOverride FileInfo kwa folda ya tovuti yako pekee. Kwa kanuni za rewrite hiyo yatosha, na sioni sababu ya kuweka All, inayoruhusu amri za aina zote.

Mistari ikiwepo, tafuta maneno applying pattern, ambayo hufuatwa na kanuni yako pamoja na anwani iliyolinganishwa nayo. Wengi hugundua hapo kwamba ndani ya .htaccess mkwaju (/) wa mwanzo huwa umeondolewa kwenye anwani, kwa hiyo ^/habari (alama ^ ni mwanzo wa anwani) haitalingana kamwe, ilhali ^habari italingana.

Ukishapata jibu, ondoa rewrite:trace3 siku hiyo hiyo na upakie mipangilio upya, kwa kuwa kiwango kinachozidi trace2 huipunguzia seva kasi kwa kiasi kikubwa.