Kabla hujapiga filamu ya dude la angani hapa Malindi

Karibu kila kijana anayekuja kwetu kujifunza kamera ana hadithi ya dude linaloshuka kutoka mawinguni kula watu. Sawa, piga. Ila kwanza itazame tena Nope, filamu ya Jordan Peele ya mwaka 2022, safari hii ukichunga ni wakati gani dude lenyewe linaonekana waziwazi. Sehemu kubwa utaona wingu tu, ambamo dude limejificha. Wingu moja lisilosogea.

Hilo wingu ndilo lenye faida kwenu, na kwetu lina nguvu kuliko kule California filamu ilikopigwa. Pwani hii watu hutazama mawingu kabla ya kushusha ngalawa. Msimu wa kusi yanatoka baharini yakienda mbio kuelekea bara. Sasa yote yakimbie, moja ligande juu ya yale magenge mekundu ya Marafa: mvuvi atasisimka kabla hujamwonyesha chochote. Kulitengeneza ni rahisi. Funga kamera kwenye tripodi siku yenye upepo, irekodi dakika kumi bila kuguswa. Kwenye kompyuta chukua fremu moja, kata wingu lenye buluu pande zote, libandike juu ya video inayotembea. Kuti la mnazi lisipite mbele yake, la sivyo utakesha ukilikata fremu kwa fremu.

Usiku wa filamu ile ulipigwa mchana. Mpiga picha wake, Hoyte van Hoytema, aliunganisha kamera mbili, ya pili ikiwa ya infraredi, yaani inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, ambayo hulifanya anga la buluu lionekane jeusi. Sisi kamera hizo hatuna, tuna wakati wa magharibi tu, na hapa karibu na ikweta giza halina subira: jua likizama mna kama dakika ishirini. Mazoezi yaishe alasiri.

Halafu macho. Katika hadithi ya Peele, anayelitazama dude ndiye anayeliwa, kwa hiyo hofu yote iko kwenye shingo ya mwigizaji anayejilazimisha kutazama chini. Hiyo haigharimu hata shilingi. Kazi ngumu ni umati, maana kila mtu hutazama mahali pake na watoto hutazama kamera. Rusha tiara. Macho yote yataifuata, na tiara utaifuta baadaye.

Umeme nao unahitaji akili. Kule, dude likikaribia vyombo vya umeme huzimika. Hapa ukizima taa watazamaji watacheka, stima kupotea ni jambo la kila wiki. Zima tuktuk katikati ya barabara, na simu ya abiria izime pamoja nayo.

Sauti msiiachie mwisho. Katika Nope, vilio vya waliomezwa vinasikika kutoka juu, na mimi naona hapo ndipo filamu inapotisha zaidi. Rekodini upepo kwenye mivinje ya ufukweni, mkiwa mmeivika maikrofoni kifuniko cha manyoya, kisha sauti hiyo muipunguze kasi hadi nusu. Ule mluzi unakuwa kitu kinachovuta pumzi.

Umbo la dude msiliige kutoka filamu nyingine. Peele alishauriana na John Dabiri wa Caltech, mtaalamu wa jinsi konyeza wanavyoogelea, wale wa baharini wanaowasha. Nyinyi konyeza mnao hapa hapa: pigeni picha mmoja akielea, mlaze juu ya anga, muone. Na kama mnatafuta sababu ya dude kuja Malindi badala ya kwingine, endeni Ngomeni. Kutoka majukwaa yale ya Waitalia baharini ndiko setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Hadithi imejileta yenyewe.

Marafa kuna ada ya kuingia, wekeni kwenye bajeti. Droni iwe imesajiliwa na ina kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuipaisha, maana uwanja wa ndege uko pale pale karibu na mji.