Mtikila alishinda au alishindwa? Jibu kwa mwalimu wa Uraia

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nafundisha Uraia katika sekondari moja hapa Ujiji. Tulipofika kwenye haki ya kuchagua na kuchaguliwa niliwatajia wanafunzi kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila. Kitini kimoja kinasema mahakama iliruhusu mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama, kingine kinasema ilikataa. Darasa limegawanyika. Kipi ni sahihi? Na kesi hizi kubwa za Katiba nizifundishe vipi wasiishie kukariri majina na miaka?

JIBU: Salama, Mwalimu. Vitini vyote viwili vinasema kweli, ila kila kimoja kimeishia njiani. Mgogoro wa Mtikila ulipita mahakama kadhaa kwa karibu miaka 20, na anayesoma hukumu moja tu anaondoka na nusu ya habari.

Alianza na Shauri la Madai Na. 5 la 1993, Mahakama Kuu Dodoma. Vyama vingi vilikuwa vimerudi mwaka mmoja tu nyuma, na sheria ilimtaka kila mgombea apitie chama. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Lugakingira aliamua kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Hapo ndipo kitini chako cha kwanza kilipofunga kurasa.

Lakini Bunge lilipitisha Marekebisho ya 11 ya Katiba, Sheria Na. 34 ya 1994. Fungueni Katiba pamoja darasani, Ibara ya 21(1), mwanafunzi mmoja asome kwa sauti. Kabla ya kumfikia "kila raia", ibara inaanza kwa kuifunga haki hiyo kwenye masharti ya ibara nyingine, zikiwemo ya 39 na ya 67, yaani zile zinazomtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Waeleze kwamba kifungo hicho kiliwekwa wakati kesi ya mtu mmoja ikiwa bado ya moto. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika mada hii: mahakama inatafsiri Katiba, na Bunge linaweza kuibadilisha Katiba yenyewe.

Mtikila akarudi mahakamani mwaka 2005. Tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, likaitengua hukumu ile. Sababu yao: mahakama haina mamlaka ya kufuta ibara iliyoingizwa kwenye Katiba kwa utaratibu halali, suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, na wa kulimaliza ni Bunge. Hicho ndicho kitini chako cha pili.

Bado haikuisha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua tarehe 14 Juni 2013 kwamba kwa kuzuia mgombea binafsi Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ikaitaka ichukue hatua za kurekebisha. Ibara ya 39 na ya 67 bado zinadai chama.

Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa msimamo wa mahakama zetu, ajibu kwa hukumu ya 2010, kwa sababu Mahakama ya Rufani ndiyo ya juu kabisa nchini na uamuzi wake unazifunga zilizo chini. Kisha aongeze ya Arusha. Asiyetaja Arusha hajakosea, ila jibu lake limepungua.

Kuhusu namna ya kufundisha, anza na majina ya wadaawa, yaani pande za kesi, yalivyopangwa. Mwaka 1993 na 2005 imeandikwa Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwaka 2010 jina la Mwanasheria Mkuu limetangulia. Waulize kwa nini. Watagundua wenyewe kwamba anayetangulia kwenye rufaa ni yule aliyeshindwa chini. Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye amri mwishoni mwa hukumu, halafu ndipo mrudi kwenye sababu. Hukumu nyingi utazipata bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ni ndefu na Kiingereza chake ni kigumu, hivyo chagua aya chache tu.

Weka pembeni yake kesi ya Rebeca Gyumi. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubali, tarehe 23 Oktoba 2019. Mbona huyu alifaulu hadi juu? Jibu la kwanza ni kwamba alipinga sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida ikigongana na Katiba, inaanguka. Mtikila alikuwa anapambana na maneno yaliyomo ndani ya Katiba yenyewe. Wakilishika hilo, mengine yatawajia kirahisi.

Tena Kigoma mnayo kesi yenu. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994 ulibatilishwa baada ya Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA kupinga ushindi wa mgombea wa CCM, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ubatilishaji huo. Imo kwenye ripoti za sheria za 1996. Miongoni mwa hoja ilikuwa upendeleo wa Redio Tanzania wakati wa kampeni. Hii ilikuwa kesi ya uchaguzi, lakini ndani yake kuna mjadala mzito wa nini maana ya uchaguzi huru na wa haki. Watume wanafunzi wawaulize wazee wa Ujiji na Mwanga walichokisikia redioni mwaka ule. Watakayoambiwa yaandikeni upande mmoja wa ubao, na upande wa pili muandike yale tu ambayo mahakama iliyakubali kuwa ushahidi.